Mas'ala ya Kupumzisha Uzazi

Tumeulizwa katika darsa yetu hapa Ijara: Mwanamke amezaa watoto sita, wawili wa mwisho kwa kupasuliwa, na tabibu amemwambia kuwa mimba nyingine ikija upesi itamhatirisha. Je, ana ruhusa ya kutumia dawa ya kuzuia mimba? Na mumewe akimkataza kwa kudai kuwa ni haramu?

Twajibu, na kwa Mwenyezi Mungu twaomba taufiki.

Jambo hili si geni. Jabir bin Abdillah (R.A.) amepokea kwamba Masahaba walikuwa wakifanya azli, yaani kumwaga nje ili mimba isiingie, zama za Mtume (S.A.W.), na Kurani ikiteremka, wala hawakukatazwa. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim. Kweli, iko Hadithi nyingine katika Muslim inayoifananisha azli na kuzika mtoto kwa siri, na Imamu Nawawi ameihesabu kuwa makuruhu. Lakini makuruhu si haramu. Naye Imamu Ghazali, wa madhehebu yetu ya Shafii, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), ameiruhusu katika Ihya, na miongoni mwa nia alizozikubali ni kuhifadhi uhai wa mke na hatari ya uzazi.

Tena wanavyuoni wengi wameshurutisha kuwa mume asifanye azli ila kwa idhini ya mkewe, kwani naye ana haki katika mtoto. Basi tazameni tulivyoyageuza mambo! Wao waliuliza: je, mke ameridhika? Sisi twauliza idhini ya mume peke yake.

Na katika zama zetu, Baraza la Fikihi la Kiislamu lilikutana Kuwait mwaka 1988, likapitisha kuwa yafaa kutenga muda baina ya mimba ikiwa iko haja, kwa mashauri na ridhaa ya mume na mke, kwa njia isiyo na madhara, na bila ya kuigusa mimba iliyokwisha kuingia. Kukata uzazi moja kwa moja limekuharamisha ila kwa dharura, na likakataza sheria ya kuwalazimisha watu wote.

Amma sheria ya nchi yetu, hailazimishi mtu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya matibabu, na ya uzazi yamo ndani yake. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imetaja haki ya kujulishwa na kupata njia za kupanga uzazi zilizo salama. Hivyo basi anayewaambia watu kuwa serikali yataka kuwamaliza Waislamu ameeneza uvumi. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022, wake walioolewa wanaotumia njia za kisasa ni 57 katika kila 100 nchini. Garissa ni 11 tu. Hatusemi kwamba wingi wa watoto ni aibu. Watoto ni neema. Twasema kwamba mama asizuiliwe elimu na dawa kwa fatwa isiyo na dalili.

Nanyi mwaijua nchi yetu. Kutoka Masalani mpaka Garissa ni zaidi ya kilomita 100, na mvua ikinyesha njia hukatika. Mama anayetokwa na damu usiku hangoji njia ikauke.

Kwa hiyo jawabu letu ni hili: Yafaa kwake kutumia dawa hiyo, kwa ushauri wa tabibu mwaminifu. Mume na mke washauriane, kama Kurani ilivyoamrisha washauriane hata katika kumwachisha mtoto ziwa. Lakini pakithibiti hofu ya kifo au madhara makubwa, mume hana haki ya kumzuia. Kwani Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu, na madhara katika sharia huondolewa.

Na sisi masheikh yatupasa tuogope: tukinyamaza, au tukiharamisha bila ya elimu, tutaulizwa kesho juu ya mayatima.

Wallahu aalam.