Sukari katika Damu

Ugali, wali na ndizi, vyote hugeuka sukari mwilini. Kongosho hutoa insulini, iifungulie sukari hiyo njia ya kuingia katika nyama za mwili. Insulini ikipungua au isipofanya kazi vema, sukari husalia katika damu, ikiharibu macho, figo na miguu polepole, mara nyingi pasipo maumivu. Basi yafaa dona kuliko sembe, maharage na mboga, chai bila sukari (neno gumu kwetu, najua), na kutembea kidogo baada ya kula. Hata wasiwasi na kukosa usingizi huipandisha sukari. Lakini adungwaye sindano ya insulini asikose chakula. Akitetemeka, akitoka jasho na kupayuka, msimdhanie mlevi. Mpeni upesi maji yenye sukari, maadamu aweza kumeza.