SOMO KWA VYAMA: KUCHAGUA MASHINE YA KUPIMIA HITILAFU ZA GARI LA TOYOTA

Shabaha ya somo

Vyama vingi vya msingi hutegemea gari moja tu. Ndilo lipelekalo pembejeo, likusanyalo maziwa au kahawa, na limchukualo mweka hazina kwenda benki. Likilala gereji wakati wa msimu, hasara haimwangukii dereva peke yake, bali kila mwanachama ambaye mazao yake yanangoja ghalani. Kwa sababu hiyo Bodi huvutiwa na shauri la kununua mashine ya kupimia hitilafu, ambayo mafundi huiita skana, ili chama kisitegemee neno la fundi mmoja. Shauri hilo ni jema. Lakini mashine isiyolingana na gari ni fedha ya wanachama iliyotupwa. Somo hili linaeleza namna ya kuchagua, kwa kutumia mfano wa magari ya Toyota.

1. Kazi ya mashine

Gari la kisasa lina kompyuta ndogo iongozayo injini. Kompyuta hiyo hupokea habari kutoka kwa sensa mbalimbali, na ikiona jambo lisilo la kawaida huwasha taa ya injini na kuhifadhi namba ya hitilafu. Mashine huchomekwa katika soketi yenye matundu 16 iliyo chini ya dashibodi, na kazi yake ya kwanza ni kusoma namba hiyo.

Kila namba huanza na herufi. P ni injini na gia; C ni chasisi, pamoja na breki; B ni bodi ya gari, pamoja na mifuko ya hewa ya usalama; na U ni mawasiliano baina ya kompyuta zenyewe. Namba zianzazo na P0 zina maana moja kwa magari ya viwanda vyote. Zianzazo na P1 kila kiwanda huzipanga kwa namna yake.

Yapasa ieleweke kwamba namba haisemi kifaa gani kinunuliwe. Mfano ni P0087, ambayo maana yake ni kwamba shinikizo la mafuta katika bomba linalolisha nozeli ni dogo kuliko linavyotakiwa. Chanzo chaweza kuwa pampu, ambayo ni ghali. Lakini chaweza pia kuwa chujio la dizeli lililoziba, hewa iliyoingia katika mabomba, sensa mbovu, au nozeli inayovujisha. Fundi asomaye namba hiyo na kuagiza pampu papo hapo hajapima. Amebahatisha kwa fedha za watu.

2. Kulifahamu gari kwanza

Swali la kwanza si mashine gani inunuliwe, bali kama injini ya gari ina kompyuta ya kusomwa. Jibu hupatikana katika kibati cha kiwanda, na kwa Toyota herufi za mwanzo za namba ya modeli huonyesha jamii ya injini.

Land Cruiser mbili za kubebea mizigo zaweza kufanana kwa sura na kutofautiana kabisa kwa ndani. Ile yenye namba HZJ79 ina injini ya 1HZ, ambayo pampu yake ya dizeli huendeshwa kwa mitambo tu. Injini hiyo ikikosa nguvu, dawa yake ni fundi pampu, chujio safi na sikio la mtu mzoefu. Skana haitasema lolote juu ya pampu wala nozeli zake. Gari hilo likiwa na breki za ABS, mashine yaweza kusaidia upande wa breki tu. Ile yenye namba VDJ79 ina injini ya 1VD-FTV, ambayo unyunyizaji wake wa dizeli huongozwa na kompyuta, na kwa hiyo mashine ni ya lazima.

Vivyo hivyo kwa Hilux. Zile za zamani zenye injini ya 2L au 3L zina pampu ya mitambo. Lakini KUN25, yenye injini ya 2KD-FTV, na GUN125, yenye injini ya 2GD-FTV, hazitengenezeki vyema bila kusomwa kwa mashine.

3. Soketi si ushahidi

Marekani iliyalazimisha magari madogo yote kuanzia modeli za mwaka 1996 kutumia utaratibu mmoja wa kusoma hitilafu, uitwao OBD-II. Ulaya ilifuata, kwa magari ya petroli mwaka 2001 na ya dizeli mwaka 2004. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yalikuwa na taratibu zake, na mengi kati yake ndiyo yaliyoletwa Afrika Mashariki yakiwa yametumika. Toyota kadhaa za miaka ya mwisho ya 1990 zina soketi ya matundu 16, lakini kompyuta zake huzungumza lugha ya kiwanda. Mashine ya kawaida huingia vizuri katika soketi, huwaka taa, kisha huandika kwamba hakuna mawasiliano. Mnunuzi hudhani kuwa mashine ni mbovu, kumbe haikutengenezwa kwa gari hilo.

Toyota nyingi za petroli za mwanzoni mwa miaka ya 1990 hazihitaji hata mashine. Fundi ajuaye huunganisha kwa waya matundu ya TE1 na E1 katika kisanduku kilicho karibu na injini, hufungua swichi, kisha huhesabu mimweko ya taa ya injini. Mimweko miwili, kituo, kisha miwili tena, ni namba 22, yaani sensa ya joto la maji. Kazi hii isijaribiwe na asiyeijua, kwani kuunganisha matundu mengine kwaweza kuunguza vifaa.

4. Madaraja matatu ya mashine

Daraja la kwanza ni visomaji vidogo, vikiwamo vile vinavyounganishwa na simu na kuuzwa kwa jina la ELM327. Husoma na kufuta namba za injini za OBD-II. Vingi ni vya kuigiza, na ubora wake hautabiriki. Kwa kawaida havifiki kwenye ABS wala mifuko ya hewa.

Daraja la pili ni skana za mkononi zenye programu za viwanda mbalimbali. Zilizo nzuri husoma ABS na mifuko ya hewa, huonyesha vipimo wakati injini ikiunguruma, na hufanya kazi maalumu. Nozeli za injini ya 1KD-FTV, kwa mfano, zina namba zake za marekebisho, nazo hazina budi kuingizwa katika kompyuta ya gari nozeli mpya zinapofungwa. Kisomaji cha daraja la kwanza hakiwezi kazi hiyo.

Daraja la tatu ni programu ya kiwanda chenyewe. Kwa Toyota, iliyotumika kwa miaka mingi ni Techstream, ambayo huhitaji kompyuta ya mkononi na kifaa cha kuiunganisha na gari. Hufika ndani zaidi kuliko nyingine zote, lakini yahitaji mtu aliyefundishwa.

Lori la volti 24 lisichanganywe na habari hizi. Malori mengi hutumia soketi na lugha nyingine, na mashine ya gari dogo yaweza kuharibika ikiunganishwa nayo.

5. Hesabu kabla ya mkutano

Na ichukuliwe kwa mfano tu kwamba gereji hutoza shilingi 30,000 kwa kila kipimo, na gari hupimwa mara 4 kwa mwaka. Jumla ni shilingi 120,000. Mashine ya shilingi 900,000 itarudisha gharama yake baada ya miaka 7 na nusu, bila kuhesabu ada ya kuongeza programu, ambayo baadhi ya wauzaji huidai kila mwaka. Kwa chama chenye gari moja hesabu hiyo haivutii. Vyama vitano vilivyo jirani vikichangia mashine moja na kumfundisha mtu mmoja, kila kimoja hutoa shilingi 180,000, na muda huo hupungua kuwa mwaka mmoja na nusu. Huu ndio ushirika kwa vitendo.

6. Masharti ya ununuzi

Katibu asilipe kabla ya mambo haya kutimizwa:

(a) Mashine ijaribiwe katika gari lenyewe la chama, si katika gari la muuzaji.
(b) Isome injini, ABS na mifuko ya hewa, ikiwa gari lina vifaa hivyo.
(c) Ionyeshe vipimo vya injini inayounguruma, si namba za hitilafu tu.
(d) Ada ya programu na muda wake viandikwe katika hati ya mauzo.
(e) Dhamana na stakabadhi halali vipatikane.

7. Matumizi na kumbukumbu

Namba ya hitilafu iandikwe katika daftari la gari kabla ya kufutwa, pamoja na tarehe, kilometa na jina la fundi. Kufuta namba si kutengeneza gari. Taa huzimika, na ugonjwa ukibaki hurudi, tena ushahidi umepotea. Mali bila daftari hupotea bila habari. Fundi anapodai kifaa cha bei kubwa, Bodi iombe kuona namba iliyosomwa na kipimo kilichothibitisha kwamba kifaa hicho ndicho kibovu. Chama chenye daftari la namna hiyo hakitanunua pampu pale ilipohitajika chujio.

Maswali ya kujadili

1. Kibati cha gari la chama kina namba gani ya modeli, na injini yake ni ipi?
2. Katika mwaka uliopita gari lilipimwa mara ngapi, na kwa gharama gani?
3. Ni vifaa gani vilivyonunuliwa bila kipimo chochote kuandikwa?
4. Ni vyama gani jirani vyenye magari ya aina hiyo, ambavyo vyaweza kuchangia mashine moja?