Chakula na Mchezo katika Vituo vya Kulelea Watoto: Mambo ya Kuulizwa na Mzazi



Mzazi anayeishi Chamazi na kufanya kazi Kariakoo humkabidhi mwanawe kituoni kabla jua halijapanda, na kumchukua magharibi. Kwa siku tano au sita za juma, mtoto huyo hula, hunywa, hucheza na hulala mikononi mwa watu ambao mzazi huwalipa. Ndiyo sababu sisi ambao kwa kawaida tunazungumzia mizani na lebo tunaingia leo katika mlango wa kituo cha kulelea watoto wadogo mchana.

Nchini mwetu tumezoea kuhofia udumavu, na hofu hiyo ina msingi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto takribani 30 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa, ilhali wenye uzito uliozidi ni takribani 4. Idadi hii ya pili ni ndogo, nasi hatukusudii kumtisha mtu. Hata hivyo, hali hizo mbili zaweza kumkuta mtoto mmoja: akawa mfupi kuliko umri wake na mzito kuliko kimo chake. Sifa ya kwamba mtoto "kanawiri", itolewayo na majirani kwa nia njema, huficha jambo hilo, kwa kuwa jicho hutazama mashavu, halipimi kimo.

Natuhesabu sukari ya siku moja. Mtoto wa miaka mitatu anapewa asubuhi kikombe cha uji wa lishe kilichotiwa vijiko viwili vya chai vya sukari. Saa nne anafungua begi lake na kutoa juisi ya pakiti ya mililita 200, aliyowekewa na mama. Alasiri mwenzake anasherehekea siku ya kuzaliwa, basi watoto wote wanagawiwa soda, kila mmoja nusu ya chupa ya mililita 350. Kijiko cha chai huchukua gramu 4 hivi. Uji una gramu 8. Lebo ya juisi ikisema gramu 11 kwa kila mililita 100, pakiti nzima ina gramu 22. Soda huongeza gramu 18 hivi. Jumla ni gramu 48, yaani vijiko 12, na hatujagusa biskuti.

Shirika la Afya Duniani linashauri kuwa sukari ya namna hii isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,200 hivi, asilimia 10 ni gramu 30, au vijiko saba na nusu. Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyempa mtoto huyu sukari nyingi. Kila mmoja alimpa kidogo, na hakuna aliyejumlisha.

Unaponunua kinywaji cha kuweka begini, soma orodha ya viambato: kinachotangulia ndicho kilicho kingi kwa uzito. Pakiti yenye picha ya embe, lakini iliyoandikwa "kinywaji chenye ladha ya embe" na kuanza na maji kisha sukari, usiihesabu kuwa tunda. Embe lenyewe, ndizi mbivu au kipande cha papai hupatikana Mbagala na Tegeta kote, na mtoto hulitafuna. Kiu itulizwe kwa maji safi na salama.

Kuhusu mchezo, mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka mitatu hadi minne ajishughulishe kimwili kwa dakika zisizopungua 180 kwa siku, zikiwamo 60 za kumfanya aheme. Muda wa kuketi mbele ya runinga au simu usizidi saa moja. Tunajua kuwa vituo vingi ni nyumba za kupanga zenye ua mwembamba, na katuni ni mlezi asiyedai mshahara. Lakini ukuti ukuti, kuruka na kucheza ngoma havihitaji uwanja.

Kabla ya kulipa ada, omba kuona cheti cha usajili, kwani Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo hivi visajiliwe. Kisha omba ratiba ya chakula, na uulize kwa upole: uji hutiwa sukari kiasi gani? Runinga huwashwa saa ngapi? Je, pipi hutumika kumnyamazisha anayelia? Anayesema ameshiba hulazimishwa kumaliza sahani? Swali hili la mwisho wengi hulisahau, nasi tunaliona kuwa zito, maana mtoto anayelazimishwa hujifunza kutoisikiliza shibe yake. Mlezi mwema hatakasirika. Wazazi wachache wakikubaliana kuwa siku ya kuzaliwa iadhimishwe kwa matunda na nyimbo, kituo hubadilika bila gharama.

Ukihisi mtoto amezidi uzito, usimnyime chakula wala usimtanie mbele ya wenzake. Chukua kadi yake ya kliniki, ambayo wengi huiweka kabatini chanjo zinapokwisha, umpeleke akapimwe uzito pamoja na urefu katika kituo cha afya kilicho karibu, kisha uombe kuonana na afisa lishe. Nakala ya vipimo hivyo mpe mlezi pia.