Gari la deraya kwa kadibodi na vipimo vyake

Wengi wanaoanza kuunda magari madogo ya kivita hukimbilia kifaru. Nashauri uanze na gari la magurudumu manne. Mnyororo wa kifaru una vipande vingi vinavyofanana, na ukikosea kipimo cha kimoja, kosa linajirudia pande zote mbili za gari.

Ninalolipendekeza ni Panhard AML. Wafaransa walilibuni baada ya kutumia magari ya kivita ya Waingereza yaitwayo Ferret katika vita vya Algeria, na jeshi la Kenya linalo la aina mbili: AML-60 lenye mortar ya milimita 60, na AML-90 lenye mzinga wa milimita 90. Bodi yake ni mabamba bapa ya chuma yaliyochomelewa, na bamba bapa ndilo umbo ambalo kadibodi inaliiga vizuri kuliko jingine lolote.

Seti za plastiki za kuagiza kutoka nje huwa nyingi za kipimo cha 1:35, kilichoenea tangu kampuni ya Tamiya ya Japani ilipotoa kifaru cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ukubwa ule ulipatikana kwa kutafuta gari linalotosha mota na betri zake ndani. Wewe huna mota wala betri za kuficha, kwa hiyo chukua 1:20. Kila mita ya gari la kweli inakuwa sentimita 5, na rula ya shule inatosha kazi yote. Bodi ya AML-90 ina urefu wa mita 3.79, nawe utakata sentimita 19 kasoro kidogo. Upana wa mita 1.97 unakuwa sentimita 9.85, kimo cha mita 2.07 kinakuwa 10.35, na umbali wa ekseli hadi ekseli, mita 2.5, unakuwa 12.5.

Hicho cha ekseli ndicho kipimo kitakachokupa vingine vyote. Tafuta picha iliyopigwa ubavuni moja kwa moja, si kwa mshazari, uichapishe kwenye saiba. Pima ekseli hadi ekseli kwenye karatasi, kisha pima unachokitaka. Ikiwa ekseli zimeachana sentimita 10 na gurudumu lina 4, basi gurudumu lako ni sehemu nne za kumi za 12.5, yaani sentimita 5. Mlango, kioo cha dereva, kishikio, vyote vinapatikana kwa hesabu hiyo. Jihadhari na picha za Eland, gari ambalo Afrika Kusini ililitoa katika AML. Yanafanana kama ndugu lakini hayalingani kila mahali, hasa nyuma kwenye injini. Chagua moja na ushikamane nalo. Na usiende kupiga picha penye kambi ya jeshi, iwe Isiolo au Nanyuki. Hilo litakutia matatani bure.

Kwa ngozi ya gari usitumie katoni ya mawimbi, kwa sababu mawimbi yake huonekana hata chini ya rangi. Katoni hiyo iwe mbavu za ndani tu. Nje tumia karatasi ngumu ya kalenda ya ukutani. Unene ni jambo la kuangaliwa sana hapa: ukiweka ngozi yenye unene wa milimita 2 kila upande juu ya mbavu zilizokwisha kufikia upana kamili, umeongeza milimita 4, na kwenye gari la kweli hizo ni sentimita 8. Kwa hiyo punguza mbavu kwanza. Kabla ya kukunja, pitisha ncha ya kalamu iliyokwisha wino kwenye mstari wa mkunjo, ukiegemeza rula; kona itakuwa kali. Jaribu bodi nzima bila gundi, ukiishikilia kwa vipande vya selotepu. Pua ya gari isipokutana vizuri sasa, gundi haitaikutanisha.

Magurudumu yakate kwenye soli ya patipati kuukuu. Toboa kila moja katikati, pitisha bolti, ufunge kwenye drili ya fundi, kisha ulizungushe juu ya msasa hadi liwe duara la haki. Unahitaji matano, kwa sababu la akiba hukaa kwenye mlango wa kushoto. Kwa mzinga, zungushia karatasi kwenye msumari wa inchi 4, ambao unene wake unakaribia milimita 4.5, ndio upana wa tundu la mzinga kwa kipimo chako. Kutoka puani, mzinga utokeze sentimita 6.6.

Sasa vitu vidogo, na hapa usiharakishe. Mshono wa welding ni uzi wa kushonea uliolazwa kwenye gundi ya mbao, kisha ukabonyezwabonyezwa kwa ukucha ukiwa bado mbichi. Kichwa cha bolti ni tone la gundi hiyo hiyo kwa ncha ya kijiti cha meno. Wavu wa kujificha ni bandeji ya duka la dawa iliyochovywa rangi. Kamba ya kuvutia gari unayo shambani: chana gome kavu la mgomba hadi upate nyuzi nyembamba kama nywele, zisokote tatu pamoja. Penye migomba, kama Mitunguu kule Meru, hutakosa, na sijaona uzi wa dukani unaokaa kama kamba nzito namna hiyo.

Kadibodi hunywa maji, kwa hiyo paka vanishi ndani na nje kabla ya rangi. Ukipaka upande mmoja tu bamba litapinda. Kausha kivulini. Msimu wa mvua, subiri siku ya ziada kati ya mkono mmoja wa rangi na mwingine. Rangi ikishika, chekecha udongo mkavu kwa kitambaa cha soksi, uchanganye na vanishi iliyozimuliwa, uanzie magurudumuni na chini ya milango. Juu ya mnara wa mzinga weka kidogo sana, pale tu askari wanapokanyaga wakipanda.