Kabla ya Kulipia Miwani ya Video, Chomeka Simu Yako Kwenye TV

Abiria wa basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza ana siku nzima ya kukaa, na muvi ya safari huchaguliwa na konda. Kwa mtu kama huyo miwani ya video inatamanisha: unaivaa, unachomeka waya kwenye simu, na mbele yako inatokea skrini kubwa ambayo jirani wa siti haioni. Wazo lenyewe la zamani. Sony walitoa Glasstron mwaka 1996, ila ilikuwa nzito na picha yake hafifu. Mambo yalibadilika pale uzito uliposhuka. Nreal Air ya mwaka 2022, ambayo kampuni yake sasa inaitwa XREAL, ina gramu 79 hivi na kila jicho linapata picha ya nukta 1920 kwa 1080. Viture na Rokid nao wanatengeneza za aina hiyohiyo.

Miwani hizi hazina muvi ndani, hazina betri wala intaneti. Ni skrini tu. Picha, sauti na umeme vyote vinatoka kwenye simu kupitia tundu la chaji, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Tundu la USB-C lina umbo moja kwenye simu zote, lakini si kila simu inatoa picha kupitia tundu hilo. Galaxy S kuanzia S8, iPhone nyingi kuanzia 15 na Pixel kuanzia 8 (ikiwa imesasishwa) zinatoa. Simu nyingi za Tecno, Infinix, Redmi na Galaxy A hazitoi. Tundu lao ni la chaji na mafaili basi. Muuzaji atakuambia "ni Type C, itakubali". Usimbishie, jipimie mwenyewe.

Kipimo ni rahisi. Azima au nunua adapta ya USB-C kwenda HDMI, zimejaa Kariakoo, uunganishe simu yako na TV yoyote. Kioo cha simu kikionekana kwenye TV, miwani nayo itawaka. TV ikibaki nyeusi, jaribu adapta ya pili, maana adapta mbovu zipo. Ikigoma tena, tatizo ni simu, na hakuna programu ya kupakua itakayoponya tundu hilo.

Usiishie kwenye picha ya kioo cha simu peke yake. Fungua programu ileile unayoangalizia tamthilia zako na ucheze kitu ulichokihifadhi kwenye simu, data ikiwa imezimwa, kama itakavyokuwa porini kusiko na mtandao. Baadhi ya programu za filamu zinazuia video isitoke nje ya simu: unasikia sauti, TV iko giza. Bora ulijue hilo sebuleni kwako kuliko Singida.

Sasa hesabu ya inchi. Tangazo husema "skrini ya inchi 130", na kwa herufi ndogo, "kwa umbali wa mita 4". Si uongo, ila ukubwa wa kitu machoni unategemea umbali. Miwani yenye upana wa kuona wa nyuzi 46 inajaza macho sawa na TV ya inchi 55 ukiwa umekaa kama mita 1.65 mbele yake, au tableti ya inchi 10 iliyoshikwa sentimita 30 kutoka usoni. Kwa hiyo ukubwa si sababu ya kununua. Unacholipia ni shingo isiyoinama na mikono iliyo huru, na kwa safari ya saa kumi na zaidi hilo si jambo dogo.

Ukifika dukani, anza na pua. Boksi huja na vishikizo vya pua vya saizi tofauti, na ndivyo vinavyoamua kama picha italingana na macho yako. Weka video yenye maandishi ya tafsiri chini, kisha ukague pembe zote nne bila kusogeza kichwa. Maandishi ya chini yakikatika au yakififia, badilisha kishikizo na uangalie tena kabla hujailaumu miwani. Pembe moja ikigoma kuwa kali hata baada ya kubadilisha vyote, huenda nafasi kati ya mboni zako hailingani na ya lenzi. Hiyo hairekebishiki, jaribu aina nyingine. Na kaa nayo kama robo saa, usiivue baada ya dakika moja ya kushangaa, kwa sababu maumivu ya pua na joto la paji la uso huchelewa kujitokeza.

Wenye miwani ya macho wana njia mbili. Viture na Rokid zipo zenye gurudumu dogo juu ya kila jicho: Viture One inarekebisha hadi namba -5, Rokid Max hadi -6. Hizo ni kwa wasioona mbali tu. Zenye fremu ndogo ya kupachika ndani zinahitaji fundi miwani akuchongee lenzi kwa namba zako, na hiyo ndiyo njia ya wenye astigmatizimu. Ila mzazi anayevaa miwani ya kusomea gazeti tu, kwa kawaida hahitaji chochote, kwa kuwa picha hii jicho linaiona kama iko mita kadhaa mbele.

Safarini, adui wa kwanza ni jua. Rangi nyeusi kwenye miwani hii ni uwazi mtupu. Panapotakiwa giza unaona kilicho mbele yako, hivyo muvi ya usiku ikipigwa na mwanga wa dirishani inageuka kichwa cha abiria wa siti ya mbele. Kifuniko cheusi kinachokuja kwenye boksi kisibaki nyumbani. Aina nyingine, kama XREAL Air 2 Pro, hujitia giza kwa kubonyeza kitufe. Siti nayo ina maana yake: ukitoka Dar kwenda Arusha unaelekea zaidi kaskazini, hivyo jua la asubuhi liko kulia na la alasiri kushoto. Upande wa njia, mbali na dirisha, unaepuka yote mawili.

Adui wa pili ni kona. Baadhi ya miwani zina hali ya kuigandisha skrini hewani, ili ukigeuza kichwa yenyewe ibaki pale ilipo. Nyumbani inapendeza. Ndani ya basi vihisi havitofautishi kichwa kinachogeuka na basi linalokata kona, hivyo skrini inateleza polepole hadi ukutani. Chagua hali ya skrini kufuata kichwa. Hata hivyo kichefuchefu kinaweza kuja, kwani macho yanaona kitu kilichotulia wakati mwili unayumba. Ukikaribia mlima wenye kona kama Kitonga, vua, utazame nje mpaka mlima uishe.

Chaji itakwenda haraka kwa sababu simu inalisha skrini mbili. Punguza mwanga wa kioo cha simu hadi mwisho. Kwenye Samsung zenye DeX, yaani hali ya kutumia simu kama kompyuta, unaweza kuzima kioo kabisa video ikiendelea. Kwa safari ndefu utahitaji adapta yenye matundu mawili, moja la miwani na jingine la chaji, na lazima iwe inayopitisha picha. Nayo ijaribu nyumbani. Waya uliokuja na miwani usiupoteze, maana waya wa kawaida wa chaji hautatoa picha hata ukifanana nao vipi. Anayesafiri kwa ndege abebe pawabenki kwenye begi la mkononi: ya mAh 20,000 ni kama Wh 74, chini ya kikomo cha kawaida cha 100. Emirates, tangu Oktoba 2025, inaruhusu kubeba moja lakini si kuitumia ndani ya ndege, basi tegemea tundu la kwenye siti.

Spika za miwani ziko wazi karibu na masikio, na jirani atasikia kila kofi la tamthilia yako. Tumia earphone za kuziba masikio, lakini acha sikio moja wazi umsikie konda akitaja kituo. Stendi na kwenye daladala miwani ikae ndani ya mkoba wake mgumu: aliyeivaa haoni mkono unaoingia mfukoni mwake, na waya unaoning'inia unaonyesha simu ilipo.

Bei ya XREAL Air 2 ilipotoka Marekani ilikuwa dola 399, na XREAL One dola 499, kabla ya usafiri na ushuru. Ukiagiza kupitia ndugu aliye Dubai au Muscat, uliza kwanza garantii itashughulikiwa wapi. Na kama simu yako imefeli kwenye TV, jumlisha bei ya simu mpya kabla ya kuamua. Kwa anayesafiri mara mbili kwa mwaka, tena na watoto, mimi ningenunua tableti na kishikio cha kuifunga nyuma ya siti ya mbele. Wanaiangalia wote, na ikianguka inaokotwa.