Jumatatu: Wajane Waliosahauliwa

Soma Matendo 6:1-7 na Mathayo 5:43-48. Ni nini kilichosababisha manung'uniko katika kanisa la kwanza? Mitume walilishughulikiaje jambo hilo?

Muumbaji aliweka ndani ya mwili homoni, yaani kemikali zinazosafiri katika damu na kupeleka ujumbe kwenye viungo. Mojawapo ni oksitosini, inayotengenezwa kwenye ubongo. Wakati wa kujifungua huufanya mfuko wa uzazi ukaze; mtoto anyonyapo huyafanya maziwa yatoke. Wanasayansi wameihusisha pia na kifungo cha upendo kati ya mama na mtoto wake.

Mwaka 2010, Carsten De Dreu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, Uholanzi, walichapisha utafiti juu ya homoni hiyo. Wanaume waliogawanywa katika vikundi walipewa oksitosini kwa njia ya pua, wengine wakapewa dawa isiyo na nguvu, kisha wote wakafanya maamuzi ya fedha. Waliopata oksitosini walielekea kuwafaa zaidi watu wa kikundi chao. Chuki dhidi ya kikundi kingine haikuongezeka. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana katika kila jambo, lakini swali linabaki: je, twaweza kumdhuru mtu bila kumchukia, kwa sababu tu twawapenda walio wetu?

Luka anatupa mfano. Hatusomi kwamba Waebrania waliwachukia wajane wa Kiyunani. Wajane hao walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mgawaji huona haraka shida ya yule anayemfahamu na anayesema lugha yake. Wa mbali hufikiriwa baadaye. Lakini kwa mjane mwenye njaa, asahauliwe au achukiwe, chungu ni kitupu vilevile.

Mitume hawakuyapuuza manung'uniko, wala hawakuishia kuhimiza watu wapendane. Walibadili utaratibu. Wanaume saba wenye kujaa Roho walichaguliwa, na majina yao yote ni ya Kiyunani. Mmoja wao, Nikolao, alikuwa mwongofu wa Antiokia. Yaelekea ugawaji ulikabidhiwa kwa watu walioijua lugha ya wajane waliosahauliwa. Fungu la 7 linaonyesha matokeo: neno la Mungu lilienea.

Maumbile ya mwili hayatupi udhuru. Yesu anafundisha kwamba hata watoza ushuru huwapenda wanaowapenda. Kuwapenda walio wetu ni zawadi ya Mungu, lakini Roho Mtakatifu huupanua upendo huo uvuke mipaka ya ukoo, kabila na lugha. Kazi yake huonekana katika mambo madogo: ni wagonjwa gani wanaotembelewa, matangazo yanatolewa kwa lugha gani, na ni majina ya nani yanayotajwa kwanza katika kamati ya uchaguzi.

Jadilini: Katika kanisa lenu, ni nani anayesahauliwa ingawa hakuna anayemchukia? Darasa lenu laweza kubadili utaratibu gani kabla ya Sabato ijayo?