Karatasi ya Dawa Imekataliwa: Ufanye Nini?



Kila mwezi watu wanafika kwenye dispensari na karatasi ya munganga mkononi, nyuso zimejaa huzuni. Mutueli imewaambia kwamba dawa yao haitalipwa. Lakini kuna wengine ambao hawafiki kabisa. Wanabaki nyumbani na kumeza nusu ya kidonge, ili dawa ifike mwisho wa mwezi. Hao ndio wanaotutia hofu zaidi. Somo hili ni lao.

Kwanza: usipunguze dawa

Kidonge cha tansyo kikikatwa nusu, damu inapanda bila wewe kusikia maumivu, mpaka siku mkono na mguu vinapolegea upande mmoja. Mtoto wa ugonjwa wa sukari anayeishi kwa insulini akiikosa, anaweza kufa katika siku chache. Na anayeacha dawa za kifua kikuu kabla munganga hajamwambia zimetosha, anafundisha vijidudu kuishinda dawa, halafu anawapa watoto wake vijidudu hivyo. Fedha ikipungua, njoo kwetu kabla dawa haijaisha. Usingoje kidonge cha mwisho.

Pili: uliza sababu

Usikubali neno «hapana» la mdomo tu. Omba liandikwe, pamoja na sababu. Pengine mchango wa mwezi haukulipwa, jina la mtoto halimo katika kitabu, au mhuri wa munganga umekosekana. Hayo yanaweza kutengenezwa. Lakini pengine sababu ni kwamba mutueli hailipi magonjwa ya kudumu, kama sukari na tansyo. Soma kanuni zake, au msomewe wote siku ya mkutano. Mwanachama ana haki ya kuomba kanuni hiyo ibadilishwe.

Tatu: ujue nani anapaswa kulipa

Wengi wanachanganya mutueli na mwajiri. Sheria ya Kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri atoe matunzo na dawa kwa mfanyakazi, mke au mume wake, na watoto anaowalea. Haisemi kwamba ugonjwa lazima utoke kazini. Basi, kama mgonjwa ni mmoja wao, leta karatasi kwa kampuni kwanza. Ukikataliwa, mwone delege wa sendika; akishindwa, mwende kwa mkaguzi wa kazi.

Kama kifua kimeharibiwa na vumbi la mawe, huo ni ugonjwa wa kazi. Unapaswa kutangazwa kwa CNSS, Kaza ya Taifa iliyochukua nafasi ya INSS ya zamani. Baba mzee au mama mkwe aliyebaki Luofu hayumo katika sheria hiyo. Kwa huyo mutueli inafaa, na hatua zinazofuata pia.

Nne: usinunue dawa ambayo ni ya bure

Dawa za kifua kikuu na za ukimwi hutolewa bila malipo katika vituo vya programu za Serikali. Mtu akikuuzia, ondoka, uliza kituo cha afya au hospitali kuu ya Kayna.

Tano: omba dawa kwa jina lake la kweli

Dawa moja inaweza kuwa na majina mengi ya kiwanda, na bei mbalimbali. Mwombe munganga aandike jina la dawa yenyewe: metformini, amlodipini. Mara nyingi ile isiyo na jina kubwa ni ya bei ndogo, na inafanya kazi ileile. Kwa insulini, muulize kama ile ya zamani inaweza kukufaa. Ni rahisi zaidi kuliko zile mpya, nayo iko katika orodha ya dawa za lazima ya OMS tangu 1977. Usibadili wewe mwenyewe. Usinunue dawa za kumwagwa juani sokoni, hata kama bei inafurahisha.

Sita: fanya hesabu

Chupa moja ya insulini ya mililita 10 ina yuniti 1000. Mgonjwa anayejidunga yuniti 30 kwa siku anatumia 900 katika siku 30. Kwa hiyo anahitaji chupa moja kila mwezi. Tuseme tu chupa ni franga 32 000: ni franga 8 000 kila juma. Weka fedha hiyo kando siku ya mshahara, kabla ya pombe na kabla ya nguo. Jamaa wanne wakifanya likelemba ya dawa, kila mmoja anatoa franga 2 000 tu kwa juma. Afadhali kuomba ndugu kidogo kila juma kuliko kuwaomba wote siku ya kulipa hospitali.

Kumbuka

1. Dawa haipunguzwi bila munganga.
2. Kukataliwa kuandikwe.
3. Mwajiri kwanza, mutueli baadaye.
4. Ya bure hainunuliwi.
5. Akiba ni ya kila juma.

Mama, kata ukurasa huu, uubandike ukutani karibu na dawa. Na kama karatasi yako imekataliwa, uilete dispensari kesho asubuhi. Tutaisoma pamoja.